Ile Dakika Moja Manowari Inapopita Juu Yako

Juma lililopita msomaji mmoja, mchezaji wa gemu la nyambizi za Vita vya Pili vya Dunia, aliniandikia: "Kaka, nimezama mara nane mfululizo. Nikishafyatua topido tu, manowari za ulinzi zinanijia na sitoki hai. Nifanyeje?"

Ujumbe wake ulinikuta siku mbili baada ya kurudi kutoka doria ngumu kuliko zote nilizowahi kucheza, mikono bado ina joto. Nilitaka kumjibu kwa mistari mitatu nikashindwa. Mdogo wangu, jibu lako ni refu, na sehemu kubwa yake ni habari yangu mimi, kwa sababu niliyajua haya kwa kuzama.

Gemu ni Silent Hunter III, ile ya 2005. Nimejaribu nyingine za baadaye zenye picha nzuri zaidi, lakini hakuna iliyonikaba koo kama hii. Ninaamini unacheza kama ninavyocheza: kamera ya nje imezimwa, hesabu za kulenga topido, yale makombora yanayokwenda chini ya maji, unapiga mwenyewe, na ukifa umekufa, hakuna kurudi kwenye faili ulilohifadhi dakika tano zilizopita. Kama bado unarudi kwenye faili, acha leo. Huwezi kujifunza kuokoka ikiwa kifo hakikugharimu chochote.

Kalenda ya gemu ilikuwa Aprili 1942. Nilikuwa na nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC, mita 67, topido 14, nimetoka bandari ya Lorient, Ufaransa, kwa doria yangu ya kumi na moja. Siku za kusafiri naziruka. Usiku wa manane, magharibi ya Ireland, msikilizaji wa hidrofoni, chombo cha kusikilizia sauti ndani ya maji, akatangaza milio ya propela, nyingi, zinakuja taratibu. Msafara, yaani meli za mizigo zinazokwenda pamoja zikilindwa na manowari. Nikajipanga mbele yake, nikazama hadi kina cha periskopu, ile darubini inayochungulia juu ya maji, na kungoja karibu saa nzima. Nilihesabu manowari mbili upande wangu. Hiyo hesabu ya mbili ikumbuke.

Nikafyatua topido tatu za umeme kwa meli moja ya mafuta. Nilichagua za umeme kwa kuwa haziachi mkia wa mapovu juu ya maji wa kumwonyesha adui ulikotoka. Mbili zikapiga. Nilisikia milipuko nikiwa tayari naelekea chini, periskopu imeshateremshwa.

Kuna wakati nisingeshuka. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na chombo kilichomaliza doria tisa, mabaharia wake wote nawajua kwa majina. Nilipiga meli mbili, na badala ya kushuka nikabaki na periskopu juu nitazame ya pili ikikatika. Bahari ilikuwa shwari, nami nilikuwa nakwenda kasi, kwa hiyo periskopu ilikuwa inachora povu jeupe juu ya maji. Nilipozungusha macho, manowari ilishajaa kwenye kioo. Nilifika kina cha mita 30 tu. Doria tisa zikaisha pale.

Rafiki niliyekuwa nikicheza naye, tuliyekuwa tukipeana taarifa ya kila doria, akasema mbele ya wenzetu wote kwamba sikuwahi kujua kucheza, kwamba doria zote tisa zilikuwa bahati. Sikumjibu. Maneno yale bado yananiuma, na nayataja kwa sababu niliposimulia hii ya juzi akasema tena: bahati. Basi ngoja nieleze hiyo bahati ilivyofanya kazi, mita kwa mita.

Nilikuwa mita 160, kimya, noti 2, yaani maili mbili za baharini kwa saa. Mlio wa sona, chombo kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake, ukaanza kugonga bodi. Kwanza mmoja mmoja, kisha haraka haraka, na hapo unajua wamekushika. Wengi hukanyaga kasi yote papo hapo. Usifanye hivyo. Manowari inayotafuta inasikia, na injini zako zikinguruma unaifanyia kazi yake. Ngoja. Tulia. Sikiliza propela zake zikikaribia, na usikubali vidole vyako vifanye lolote.

Sona ya meli za wakati ule ilitupa sauti yake mbele kwa mshazari, kama tochi iliyofungwa kwenye pua ya meli. Manowari ikikukaribia sana, hasa ukiwa chini sana, unatoka nje ya mwanga wa hiyo tochi. Mita mia kadhaa za mwisho inakuja kwa kukisia. Ikipita juu yako inaangusha mapipa yake ya baruti, na pipa la kawaida la Waingereza lilizama kama mita 3 kwa sekunde. Piga hesabu: mita 160 ni karibu dakika nzima. Kwa dakika hiyo adui hakuoni, na propela zake mwenyewe zinamziba masikio. Nyambizi hii ikishashika kasi yote inakata zaidi ya mita 200 kwa dakika, na bomu lile lilihitaji kulipuka ndani ya kama mita 6 ili kupasua bodi. Dakika moja inatosha kabisa.

Kwa hiyo niliposikia propela zipo juu ya kichwa, nikafungua kasi yote na kukata usukani kulia mpaka mwisho. Milipuko ikaanza nyuma yangu. Mabomu yalipokuwa bado yanapasuka nikarudi noti 2 na kimya. Kwa muda maji yote yaliyovurugika yanakuwa ukuta kati yako na sona yao. Nilifanya hivyo mara nne, na mara nne wakapiga mahali nilipokuwa, siyo nilipo.

Mara ya tano wakanipata. Taa zikazima. Ripoti ikaja: maji yanaingia chumba cha injini za umeme, nyuma. Nikaamuru kuziba, halafu nikatazama ala na kuona kuwa hakuna anayeziba. Ukiwa kwenye hali ya ukimya mabaharia hawatengenezi kitu, wala hawapakii topido, kwa sababu nyundo na minyororo vinasikika mbali. Kuziba ni kelele, na kelele ni mabomu. Kutoziba ni kuzama, kwa sababu kwa noti 2 na mkia uliojaa maji huwezi kushikilia kina. Mita 178. Mita 190. Chuma kikaanza kulia.

Hapo ndipo nilipogundua jambo lililonifanya nitokwe jasho nikiwa nimekaa kwenye kiti. Kwenye hidrofoni nilisikia propela za manowari moja tu. Nilihesabu mbili. Ya pili haikuondoka; ilikuwa imezima injini mahali fulani karibu na inasikiliza, huku mwenzake akipiga. Kila nilipokimbia, yule aliyenyamaza ndiye aliyekuwa akimwelekeza.

Nilifanya mambo mawili. Kwanza nilikisia alipo yule kimya, kwa kufuata milio ya sona isiyotoka upande wa propela, nikamgeuzia mkia ili apate mwangwi mdogo iwezekanavyo. Pili, niliacha kutafuta ukimya na kuanza kuvizia kelele yao. Mabomu yakipasuka, hakuna sona wala hidrofoni inayosikia kitu. Manahodha wa kweli walilijua hilo: waliwasha pampu na kuongeza kasi wakati wa milipuko, wakazima kabla mwangwi haujaisha. Nami nikafanya vivyo hivyo. Mlipuko wa kwanza, ondoa hali ya ukimya, watu wote nyuma, ziba. Nahesabu kwa sauti mpaka arobaini. Rudi kimya. Ngoja wapite tena.

Ngoja ile ndiyo iliyonitesa. Nilikuwa namwomba adui aje anipige ili nipate sekunde arobaini za kuokoa chombo. Mita 205. Mita 211. Wanapita, mabomu, arobaini, kimya. Mita 219. Bodi iliyokwisha kujeruhiwa haivumilii kina kama bodi nzima, na sikuwa na namna ya kujua imebakiza mita ngapi. Ningeweza kupuliza matangi kwa hewa yote iliyobaki na kuibuka, nikasalimu amri. Mkono ulikuwa kwenye kitufe. Mita 224, na sindano ikasimama.

Ikasimama, ndugu zangu. Tundu limeziba.

Saa tatu zilizofuata sikuongeza mwendo wa saa hata mara moja, ingawa gemu linaruhusu na hakuna kilichokuwa kikitokea. Nilikaa na kusikiliza. Propela zikapungua, zikarudi, zikapungua, hatimaye zikafifia kuelekea kaskazini mashariki. Meli za ulinzi za 1942 zilikuwa chache na msafara wao ulikuwa unaendelea kwenda mbele bila wao. Hazikuweza kukaa nami mpaka betri iishe. Ukifika 1943 usitegemee hilo. Kulikuwa na vikundi vilivyoachwa huru kusaka tu, kama kile cha Nahodha Walker wa Uingereza, ambaye meli yake moja ilikaa mbali kukushikilia kwa sona na kuiongoza nyingine ije juu yako polepole, propela chini kabisa, usiisikie mpaka mabomu yameshaanguka. Mei 1943 peke yake Wajerumani walipoteza nyambizi 41. Hapo hata dakika yako hupewi.

Lakini wewe, mdogo wangu uliyezama mara nane, sidhani kama umefika 1943. Nadhani unauawa na haraka, kama nilivyouawa mimi. Umefyatua, umefurahi, umebaki kutazama. Umesikia mlio wa sona, umekanyaga kasi. Umepata tundu, umeamuru kuziba hapo hapo kila mtu anasikia. Teremsha periskopu. Punguza kasi. Nyamaza. Kisha ngoja mpaka adui awe kiziwi, na fanya kila kitu ndani ya dakika hiyo. Najua najirudia. Nitajirudia mpaka lieleweke, kwa sababu naona vijana wengi wenye akili nzuri ya hesabu, wanaopiga meli kwa umbali ambao mimi siuthubutu, wakitupa doria nzima kwa kukosa subira ya sekunde hamsini. Inaniuma kuliona.

Nilifika Lorient nikiwa na topido nane ambazo hazijaguswa na injini moja ya dizeli. Mabaharia wote hai. Huyo anayeita bahati akae mwenyewe kwenye mita 219 huku akihesabu arobaini.

Niandikie tena. Usinitumie picha ya meli uliyozamisha. Nitumie mambo matatu ya ile mara ya nane: ulikuwa kina gani, kasi gani manowari ilipoanza kukugonga kwa sona, na ulikuwa umehesabu manowari ngapi kabla hujateremsha periskopu.