Gari lililolala miaka minane: je, betri mpya inatosha?

SWALI: Marehemu baba alituachia gari dogo la petroli ambalo limekaa bandani kwa miaka 8 bila kuwashwa. Rafiki yangu anasema ninunue betri mpya, niongeze petroli juu ya ile iliyomo, kisha nipige stata. Je, inatosha?

JIBU: Haitoshi, na nakuomba usipige stata kwanza. Oili iliyokuwa ikilainisha kuta za silinda imekwisha kuchuruzika, na huenda ringi za pistoni zimeshikwa na kutu. Fungua plagi zote, tia oili kidogo katika kila tundu, iache usiku kucha, halafu zungusha injini kwa mkono, ukitumia spana kwenye boliti ya puli ya krankshafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Ikigoma, usiilazimishe, mwite fundi.

Petroli ya zamani haifufuliwi kwa kuongezewa mpya, kwa kuwa sehemu zake nyepesi zimepotea na zilizobaki hugeuka utando unaonata, unaoziba filta, injekta au kabureta. Imwage yote, kagua kutu ndani ya tangi, na ubadilishe filta pamoja na mipira iliyokauka. Oili ya injini na maji ya rejeta nayo yabadilishwe. Kama injini inatumia mkanda wa taimingi, yaani ule unaooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, weka mpya hata kama gari lilitembea kilomita chache, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa umepumzika, na katika injini nyingi mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni. Angalia pia kama panya wametafuna nyaya.

Wengi hufurahia mngurumo wa injini wakasahau breki, nami huziogopa zaidi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kwa gari linalotumika kila siku. Breki zikipata moto, unyevu huo huchemka, pedeli ikazama na gari lisisimame. Kwa hiyo mwombe fundi afungue kila gurudumu, akague silinda na mipira ya breki, kisha atie mafuta mapya na kutoa hewa. Hadi hapo, gari lipelekwe gereji likiwa limebebwa.

Tairi usizipime kwa kashata zake tu, yaani vile vinundu vinavyokanyaga barabara. Soma tarakimu 4 za mwisho wa namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2315, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Zako zina angalau miaka 8, hivyo nunua mpya, pamoja na ya akiba.