Bamvua na Mshipi wa Horini

SWALI: Ndugu Mhariri, huvua kwa mshipi katika hori (mkono wa bahari) la Tudor, Mombasa. Siku za bamvua nikitupa maji yakiwa yamejaa, ndoana hunasa kwenye mizizi ya mikoko na samaki sipati. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa lako ni wakati, si chambo. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani yetu hukaribia mita 4, hivyo samaki huingia hadi ndani ya mikoko kutafuta kaa na kamba, mahali ambapo mshipi hauwezi kuwafuata. Subiri maji yaanze kupwa, kisha utupe kwenye mdomo wa kijito, kwa kuwa wadogo hulazimika kupitia hapo na wakubwa huwavizia. Mtunge kamba hai karibu na mkia ili aendelee kurusha miguu, na uongeze chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi), maana mkondo huwa mkali. Kumbuka pia kwamba maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku; saa ya jana haitakufaa leo.