Injini ya gemu ikibadilisha bei usikimbie kabla hujajua wewe uko kundi gani

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Septemba 2023 nilifuta Unity, injini yangu yaani programu ya kutengenezea gemu, kwenye laptopu, saa sita usiku, nimekaa kitandani Sinza, umeme umekatika feni imezima, jasho linatiririka, na moyoni najiona shujaa kabisa. Asubuhi yake nikaenda kununua bando nianze maisha mapya na Godot, injini nyingine. Miezi minne baadaye nilikuwa bado sijamaliza kuhamisha gemu moja.

Kwa ambao hamkuwepo: tarehe 12 Septemba 2023 Unity walitangaza kwamba kuanzia 1 Januari 2024 watakuwa wanamtoza mtengenezaji hela kila mtu anapoinstoo gemu iliyotengenezwa kwa injini yao. Sio gemu ikinunuliwa, ikiinstooliwa tu. Kwa sisi wa leseni ya bure kiwango kilikuwa mpaka senti 20 za dola kwa instoo moja. Grupu letu la WhatsApp siku hiyo halikulala. Mtu mmoja akachukua gemu yangu kama mfano, ile ya daladala (wewe ni konda, unapanga abiria wakae wengi iwezekanavyo kabla trafiki hajatokea), ilikuwa na instoo kama elfu 6, akazidisha, akapata dola 1,200, akaandika kwa herufi kubwa "DADA UNADAIWA KARIBU MILIONI 3". Aisee. Gemu yenyewe tangu nimeiweka hewani matangazo yake yalikuwa hayajaniingizia hata dola 70.

Sasa hiyo hesabu ilikuwa uongo, na mimi sikuihakiki. Tangazo lenyewe lilisema udaiwe pale tu gemu imevuka vizingiti viwili kwa pamoja, iwe imeingiza dola 200,000 ndani ya miezi 12 NA iwe imefikisha instoo 200,000 tangu itoke, na hata ukivuka unalipia zile zinazokuja baada ya hapo, sio za nyuma. Halafu zile senti 20 zilikuwa za nchi walizoziorodhesha, Marekani, Uingereza, Japani na wenzao, instoo za nchi nyingine zote, sisi tukiwemo, ilikuwa senti 2. Kwa hiyo mimi na dola zangu 70 nilikuwa nadaiwa sifuri. Ningesoma ukurasa mmoja mpaka chini ningelala.

Ila nisieleweke vibaya, watu walikuwa na haki ya kukasirika, na mimi mpaka leo naona kuhesabu instoo ni njia mbaya hasa kwa masoko kama letu. Huku gemu inasambaa sana na hela haionekani. Mtu ananunua simu Kariakoo anaomba awekewe na gemu, mwingine anarushiwa na rafiki yake kwenye Xender, hajawahi hata kuona tangazo moja maana data kazima. Mdogo wangu ana simu ya GB 16, kila Ijumaa anafuta gemu yangu apate nafasi ya video za WhatsApp, Jumapili anairudisha. Mwanzoni Unity walisema hata kurudisha gemu kwenye simu ileile kutahesabika, kelele zikawa nyingi wakageuza haraka. Lakini fikiria mtu aliyekaa mezani akaona hilo ni wazo zuri, yaani mdogo wangu peke yake angekuwa gharama.

Mambo yalivyoendelea ni haya. Tarehe 22 Septemba, siku kumi tu, wakalegeza: leseni ya bure haitozwi kabisa, na wakubwa wachague kati ya asilimia 2.5 ya mapato au hesabu ya watumiaji wapya, wanalipa ile iliyo ndogo. Oktoba bosi wao John Riccitiello akaondoka. Tarehe 12 Septemba 2024, mwaka mmoja kamili, wakafuta ada hiyo kwa gemu zote, na badala yake wakapandisha leseni za kulipia. Muda wote huo mimi nilikuwa nabadilisha skripti za C#, lugha ya Unity, kwenda GDScript ya Godot mstari kwa mstari, na plagini ya matangazo kwenye Android inagoma, kila nikijenga APK (faili la kuinstoo gemu) inafunguka na kujifunga.

Ushauri wangu wa kwanza basi ni huo: injini yoyote ikitangaza bei mpya usianze na grupu, anza na vitu viwili vyako, umeingiza shilingi ngapi miezi 12 iliyopita na gemu yako imetengenezwa kwa toleo gani. La toleo watu wanalidharau. Mwaka 2019 Unity walikuwa wameahidi kwamba ukibaki na toleo lako unabaki na masharti yake, 2023 watu wakaona ahadi ile imeyeyuka, ndiyo maana hasira ilikuwa kubwa kuliko hela yenyewe, na kwenye marekebisho ya 22 Septemba ikabidi waiahidi tena. Mi siku hizi nikianza mradi naprinti ukurasa wa masharti kuwa PDF, naandika tarehe na namba ya toleo, naweka ndani ya folda ya mradi na nakala nyingine kwenye flashi. Dakika mbili tu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka jana, 2025, kampuni moja hapa mjini ilitaka gemu ndogo ya promosheni, mteja anacheza kwenye simu anapata pointi. Tuko wawili, mimi na mshkaji wa michoro. Tukapiga kotesheni ya milioni 6 tukaona tumekula mchongo. Siku ya kusaini tukakuta mezani kuna mama mmoja wa kitengo cha sheria, mpole, miwani imening'inia kifuani, akauliza:

"Dada, hii programu mnayotengenezea ina leseni ya aina gani?"

Nikamjibu kwa kujiamini, "Ni ya bure mama, sisi hatujafika kizingiti."

Akavaa miwani, akageuza laptopu yake nione, alikuwa ameshayafungua masharti ya Unity. "Hapa wanasema ukifanya kazi ya mteja, mapato ya mteja nayo yanahesabiwa. Sisi tumefika, mwanangu."

Kimya. Leseni ya bure mwisho wake ni dola 200,000, tuseme milioni 500 hivi, na wale wanaingiza mabilioni kwa mwaka (namshukuru Mungu hawafiki dola milioni 25, huko unadaiwa Enterprise, leseni ya wakubwa). Maana yake kwa kazi yao tulitakiwa tuwe na Pro, leseni ya kulipia. Na Pro mwaka huo wa 2025 ilikuwa dola 2,200 kwa mtu mmoja kwa mwaka, ilikuwa imepanda Januari kwa asilimia 8 kutoka 2,040. Tuko wawili, dola 4,400. Hiyo ni zaidi ya milioni 10 kwa kazi ya milioni 6. Mshkaji wangu akaanza kukuna kichwa pale pale mezani.

Kwa hiyo kama unafanya kazi za watu, na wengi wetu Dar ndizo zinazotulipia kodi ya chumba maana gemu zetu wenyewe bado, kizingiti chako sio chako, ni cha mteja pamoja na wewe. Na sio mauzo peke yake, hata hela uliyochangishiwa au kupewa na wafadhili inahesabiwa, kwa hiyo ukipata ruzuku nono usishangilie kabla hujarudi kusoma.

Tulichofanya ni kuomba wiki tatu tukaijenga kwa Godot. Leseni yake ni ya MIT, leseni huria, hawadai asilimia, hawaulizi unaingiza ngapi wala mteja wako anaingiza ngapi, na kuidaunlodi programu yenyewe, bila vifurushi vya kutolea gemu kwenye simu, haifiki hata MB 200 wakati Unity inameza bando la wiki. Na niliiweza kwa sababu ya ile miezi minne ya upuuzi wa 2023. Sijui niite bahati au nini. Bado nasema nilikosea kukimbia, gemu yangu ya daladala haijawahi kupona, lakini siku ile kwenye kile kikao nilikuwa na pa kukimbilia. Kama una muda, hata Jumamosi moja moja, tengeneza kitu kidogo kwenye injini ya pili. Michoro, sauti na kanuni za gemu viweke kwenye mafaili ya kawaida nje ya injini, PNG, WAV, meza za CSV, hivyo vinahamishika kirahisi, skripti ndizo zinazoua.

Nyingine kwa haraka maana naulizwa sana. Unreal, injini ya kampuni ya Epic, hawadai kitu mpaka gemu moja iingize dola milioni 1, baada ya hapo asilimia 5, na tangu 2025 ni 3.5 kama unaitoa kwenye duka la Epic wakati uleule unapoitoa kwenye maduka mengine. GameMaker, injini nyingine, tangu Novemba 2023 ni bure kama huuzi, ukitaka kuuza unalipa dola 99.99 mara moja basi. Kwa kweli ada zinazotuumiza huku ni za maduka, Google Play dola 25 mara moja, Apple dola 99 KILA mwaka, Steam dola 100 kila gemu. Na akaunti mpya ya mtu binafsi ya Google inataka watu 12 wajaribu gemu yako siku 14 mfululizo kabla hujaiachia, zamani walikuwa 20, anza kuwabembeleza ndugu mapema maana siku ya tano wanaanza kujitoa.

Kotesheni zangu sasa zina mstari wa leseni juu kabisa, kabla ya bando na nauli: injini gani, toleo gani, leseni gani, nani anailipa, na bei ikibadilika katikati ya kazi tunakaa tena. Gemu ile tuliikabidhi, walilipa. Siku ya kukabidhi yule mama wa sheria aliicheza kidogo, akafungwa, akacheka, akavaa miwani yake.

"Imependeza. Na haya maandishi mliyotumia, fonti yake mmeitoa wapi?"