Bima ya viza siyo bima ya bahari

Mama yangu ana miaka 71. Presha anayo tangu mimi niko sekondari, na ingawa ameishi Mikindani, mji mdogo wa pwani jirani na Mtwara, umri wake wote, bahari aliijua kwa kuitazama na kwa ngalawa ya marehemu baba, basi. Mdogo wangu anayeishi Hispania alipopiga simu kusema ametulipia mimi na mama siku saba kwenye meli ya kitalii, kutoka Barcelona kupitia Marseille, Genova, Napoli, Messina na Valletta hadi kurudi Barcelona, mama aliuliza swali moja tu.

"Na huko katikati, nikiumwa, nitapelekwa Ligula?"

Ligula ndiyo hospitali yetu ya mkoa, Mtwara. Tulicheka sana. Wiki tatu baadaye nilikuwa nimekaa mbele ya wakala wa bima pale Mtwara mjini, sina cha kucheka. Lilikuwa swali halisi, na wakala hakuwa na jibu lake.

Nilimwambia tunakwenda Ulaya. Akasema, "Aah, dada, unataka ya Schengen, hiyo dakika kumi." Na kweli, dakika kumi hazikufika akanipa karatasi. Viza ya Schengen, ile moja inayokupitisha nchi nyingi za Ulaya, inadai bima isiyopungua euro 30,000, igharamie matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa au kifo, na iwe hai katika nchi zote za Schengen kwa siku zote utakazokuwa huko. Karatasi ya wakala ilitimiza yote hayo, na afisa wa viza angeipokea bila neno. Nikamuuliza: tukiwa kwenye maji, siku nzima hatujagusa nchi yoyote, inalipa? Akaigeuza karatasi, akaisoma nyuma na mbele, akasema, "Nadhani inalipa."

Hiyo "nadhani" ndiyo iliyonitoa ofisini kwake.

Ukitoka kwenye makala hii na jambo moja, liwe hili la meli na daktari wake. Meli kubwa ya kitalii ina kliniki, ina daktari na wauguzi, ina dripu na kipimo cha moyo. Lakini ni kliniki ya kulipia, na bei yake si ya zahanati. Hawaulizi kadi ya bima. Bili inaingia kwenye akaunti ya chumba chako, pamoja na soda ulizokunywa, na inakatwa kwenye kadi ya benki uliyoandikisha siku ya kupanda. Wewe unalipa kwanza, ndipo unakwenda kudai kwa kampuni yako. Kadi ya mama ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ni ya hospitali za humu nchini, kwa hiyo ilibaki nyumbani kabatini.

Hali ikimshinda daktari wa meli, mgonjwa anashushwa bandari inayofuata, au inaitwa helikopta kama bandari iko mbali. Helikopta ya wagonjwa baharini inaweza kula makumi ya maelfu ya dola kabla hujafika hata hospitali, na zile euro 30,000 zinaanza kuonekana kama nauli ya bodaboda. Meli nayo haisubiri. Utabaki na mgonjwa wako Messina, na nauli ya kurudi ni juu yako, isipokuwa bima yako imeandika vinginevyo.

Kwa hiyo nilipokwenda kampuni ya pili (niliihakiki kwanza kwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, maana siku hizi kila mwenye laptopu ni wakala), sikusema naenda Ulaya. Nilisema napanda meli. Waliniuliza maswali ambayo yule wa kwanza hakuyajua, wakaniongezea kipengele cha safari ya meli kwa malipo ya ziada. Matibabu nikataka yasipungue euro 100,000, na kusafirishwa kwa dharura kutoka baharini kuandikwe kwa maneno yake, siyo kudokezwa. Kama meli yako inapita nje ya Schengen, tuseme Tunisia au Uturuki, bima inayotaja Schengen peke yake itakuacha hapo, na viza yenyewe lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo huruhusiwi kuingia tena Schengen.

Halafu likaja la presha.

Nilimkuta mama barazani anamenya ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku kusini, sufuria katikati ya miguu, fomu nimeishika mkononi. Nikamsomea: je, msafiri ana ugonjwa wowote anaoutumia dawa? Hakuinua kichwa.

"Andika hapana."

"Mama, una presha."

"Ninayo hapa Mikindani. Wao wanaijuaje? Na ugonjwa ukitajwatajwa unakuja."

Sikumbishia la kutajwatajwa, ana umri wake. Nilimwambia tu kwamba kampuni ikitakiwa kulipa, kitu cha kwanza inachoomba ni taarifa za hospitali, na presha yake imeandikwa kwenye kadi ya kliniki kila mwezi kwa miaka. Wakikuta tulificha, wanaweza wasilipe hata senti, hata kama alichoumwa ni jino. Alimenya ming'oko mitatu zaidi bila kusema. Kisha: "Andika. Lakini usiandike kwa herufi kubwa."

Tukaongezewa malipo kwa presha, tukaongezewa tena kwa umri, kwani bima nyingi hupandisha bei mtu akivuka miaka 65 na nyingine hufika mahali zikamkataa kabisa. Iliuma kidogo. Kitu ambacho sikukijua ni sharti la ugonjwa "uliotulia": dawa zisiwe zimebadilishwa ndani ya miezi kadhaa kabla ya safari. Mwezi wa saba daktari alimwongezea mama dozi. Ningenyamaza, na ndipo wangenikamata. Nilipiga simu, wakaandika, wakanitumia barua mpya siku mbili baadaye. Usimkatalie mzee dawa kwa sababu ya bima. Toa taarifa tu, kwa maandishi.

Kuna swali mama aliniulizia gizani, umeme umekatika: "Nikifia humo, watanitupa?" Hapana, meli hizo zina chumba cha kuhifadhi maiti. Lakini lilinifanya nisome kifungu cha kurudisha mwili. Bima niliyonunua iliahidi kuufikisha mwili uwanja wa ndege wa nchi yako tu. Kwa mtu wa Dar hiyo ni nyumbani. Kutoka Dar mpaka Mikindani kuna zaidi ya kilomita 500 za gari. Niliomba waandike mpaka Mtwara, wakaandika. Kwa familia za Kiislamu zinazopenda kuzika upesi, uliza pia kama wanalipia mazishi ya huko huko, maana bima nyingine zinatoa nafasi hiyo.

Barabara yetu hii nayo ina sura yake kwenye habari ya bima. Miadi yetu ya alama za vidole za viza, Dar, ilikuwa mwezi wa tano 2024. Unakumbuka: mvua, kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, malori yamejipanga pande zote mbili. Tulikwenda kwa ndege, kwa bei ya watu waliokwama. Nikajiuliza, ingekuwa ndiyo siku ya kusafiri kwenda kwenye meli? Kipengele cha kukosa meli kwa kuchelewa kipo, lakini soma kinaanzia wapi na kinakubali sababu gani. Changu kilikubali ndege kuahirishwa na basi la abiria kuharibika. Barabara kukatika hakikutaja. Ndiyo maana tulitoka Mtwara siku nne kabla, tukafika Barcelona usiku mbili kabla ya meli kuondoka, na siioni pesa ile ya kulala kuwa ilipotea.

Sasa niseme lililo zito kwa sisi wenye pasipoti za huku, ambalo wanaoandika ushauri huu wakiwa Uingereza hawaligusi kwa sababu haliwahusu. Hasara iliyo karibu zaidi na Mtanzania siyo kuzama, ni kunyimwa viza. Bima nyingi hazirudishi nauli ya meli viza ikikataliwa. Zinazojitahidi hukurudishia ulicholipia bima yenyewe, ukiwapelekea barua ya kukataliwa. Meli nyingi hudai malipo kamili miezi miwili au mitatu kabla ya safari, na ukishalipa, kujitoa kunakula sehemu kubwa. Viza ya Schengen unaruhusiwa kuomba hadi miezi sita kabla. Basi omba mapema, jibu likukute bado hujamaliza kulipa, na mwambie anayekukatia tiketi akupe ile inayoweza kufutwa hata kama ni ghali kidogo. Bima nayo nunua mara tu ukishalipa awamu ya kwanza. Kipengele cha kuahirisha safari kwa ugonjwa au msiba kinaanza kukulinda pale ulipokinunua. Ukisubiri wiki ya mwisho, miezi yote ya nyuma umekaa bila mwavuli.

Sikufanya kila kitu sawa. Kulikuwa na kipengele cha kufungiwa chumbani, yaani daktari wa meli akikuamuru usitoke, unalipwa kiasi fulani kwa siku. Nilikifuta kuokoa hela. Ningekumbuka mwezi wa pili 2020, meli ya Diamond Princess imezuiwa Yokohama na watu zaidi ya 700 wameambukizwa korona humo ndani, nisingekifuta.

Begi la mama halikufika Barcelona nasi. Dawa zilikuwa kwenye mkoba wa mkononi, hilo nilililazimisha, na karatasi ya kupotelewa mzigo niliichukua kabla hatujatoka uwanjani. Usiku wa chakula rasmi, wenzetu wamevaa suti na magauni marefu, mama aliingia na khanga mbili na kilemba. Walimpiga picha kuliko nahodha.

Siku ya tano, tumeshaondoka Messina, tumbo lilimkamata, akatapika mpaka akaishiwa nguvu. Kabla ya kumpeleka kliniki niliituma taarifa kwa namba ya dharura ya kampuni, kwa intaneti ya meli, nikahifadhi saa niliyotuma. Masharti mengi yanataka wajulishwe kwanza pale inapowezekana. Dripu mbili, vipimo, dawa: euro 640. Na amri ya kutotoka chumbani siku mbili. Valletta tuliiona kwa dirisha. Kwa siku hizo mbili sikulipwa kitu, kile kipengele nilikifuta mwenyewe.

Tuliporudi nikapeleka risiti, ripoti ya daktari na tiketi. Jibu la kwanza liliuliza tukio lilitokea nchi gani, kwa kuwa fomu ina kisanduku cha nchi. Nikaandika: hakuna nchi, ilikuwa katikati ya maji. Wakajibu kwamba mahali pa tukio hapako ndani ya eneo la bima. Nikawapigia picha ukurasa wenye kipengele cha meli, nikaweka mstari kwa kalamu nyekundu, na kuongeza kwamba wakikataa tena nitakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Walinyamaza wiki mbili, kisha wakalipa euro 540. Euro 100 za kwanza ni zetu kubeba kwa mujibu wa mkataba, hiyo nilijua.

Pesa iliingia mwezi wa kumi na moja, minada ya korosho imepamba moto na kila mtu anadai kila mtu. Nilikuwa na mipango nayo. Mama alinyoosha mkono.

"Aliyetapika ni nani?"