Kabla ya dipositi, kagua ukuta

Jumatatu kijana mmoja wa pale kazini alikuwa anatafuta fundi wa mapazia, akanionyesha keja yake mpya kwenye simu. Bedsita ya chini kabisa, vigae vipya, elfu saba tu, "na dirisha linatazama mto." Nikamuuliza mto upi. Hakujua. Alienda kuiona lini? Jumapili saa nane mchana, jua likiwaka. Nikampa namba ya fundi, nikaweka chai chini. Kila mwaka kabla ya masika mnanifanyia hivi, nyinyi mnaoshuka stejini na begi moja na barua ya kazi. Basi naandika mara moja, mpitishiane wenyewe.

1. Jueni mto wenu. Mji huu wa Nairobi jina lake ni la Kimaasai, la maji baridi, hata kama tope lile jeusi mnaliita mtaro. Mto Nairobi unapita Gikomba ukielekea Dandora, wa Mathare unapita Mathare na Huruma, wa Ngong unapitia lile bwawa la Kibera kisha South B na Mukuru. Ploti ikiwa rahisi kuliko ya jirani kwa elfu mbili, uliza mto uko wapi kabla hujauliza stima.

2. Siku za mgao wa maji waulize wapangaji, si keateka, yule msimamizi wa ploti. Uwe na madumu manne ya lita 20, basi.

3. Ukuta. Hapa nitakaa kidogo, maana aibu ni yangu.

Februari 2018 nilipanga chumba Mukuru, hatua chache kutoka Mto Ngong. Rangi ilikuwa mpya, ila ya aina mbili: krimu juu, kahawia ya mafuta kutoka sakafuni hadi kiunoni. Nikaona ni urembo. Vitanda vya majirani vilikuwa vimeinuliwa kwa matofali, matatu kila mguu. Nikadhani wanatafuta nafasi ya kuficha madumu. Mama mboga wa langoni akaniambia, "Kijana, hapa Aprili tunalala tumekaa." Nikacheka kwa adabu, nikanunua sukuma ya ishirini.

Hayo bado si mabaya. Keateka alikuwa anatoa mia tano kwa kila mpangaji unayemletea. Nikamletea rafiki yangu wa chuo, fundi wa nguo, ambaye ndio kwanza alikuwa amenunua cherehani ya umeme kwa mkopo wa chama. Akaniuliza, "Huu mto hauna shida?" Nikamjibu kwa sauti ya mwenyeji, mwenyeji wa wiki tatu: "Huu? Huu ni mtaro tu." Ile mia tano niliila chapati na madondo.

Maji hayakuingia kwa mlango kama mnavyodhani. Yalianzia bafuni. Saa tisa usiku nilisikia lile tundu la sakafuni likikoroma kama mzee anayekunywa uji moto, kisha likatema. Mto ukijaa, bomba la maji machafu hukurudishia ulichokipeleka, chako na cha ploti nzima. Niliposhusha mguu kitandani, ndala zangu zilikuwa zinaelea kuelekea mlangoni, zimeshaamua kuhama. Nikakimbilia vyeti. Vilikuwa ndani ya sanduku, chini ya kitanda. Vyeti vya shule vikilowa hushikana kama chapati zilizokosa mafuta. Ukivuta cha darasa la nane kinakuja na kipande cha kidato cha nne.

Kisha nikasikia jina langu ng'ambo ya ukuta. Rafiki yangu alikuwa amesimama juu ya stuli, amekumbatia cherehani inayochuruzika maji. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mtaro umejaa?"

Aprili 2024, mafuriko yalipopiga Mathare, ikafuata amri ya kuhama kwa kila aliye ndani ya mita 30 za mto, kisha tingatinga, mimi nilikuwa nimeshahamia ghorofa ya tatu Umoja. Hata hivyo usiku niliamka nikapapasa sakafu.

Kwa hiyo: rangi mbili, matofali chini ya vitanda, alama ya maji nyuma ya mlango wa choo, X nyekundu ya kubomolewa inayochungulia chini ya rangi mpya. Ukiona moja, rudi stejini.

4. Nunua tokeni za stima za shilingi hamsini kwanza, uone mita uliyopewa inawasha taa ya nani.

5. Piga picha kila kona siku ya kuingia, keateka akiwepo. Mimi niliambiwa dipositi yangu imetumika kupaka chumba upya. Nilipita kukiona. Krimu juu, kahawia chini, na kijana ameshika simu akipiga picha.

6. Usimwitie mtu nyumba ambayo hujailalia masika. Cherehani niliilipa miezi minane, elfu mbili mbili, na sikupunguziwa hata ile mia tano. Sasa ana duka lake, ghorofa ya pili, kwa hiari yake, na kwenye simu yake jina langu bado ni Dalali. Jana amenipigia. Ameletewa oda ya mapazia na kijana fulani, bedsita ya chini, dirisha linatazama mto. "Huyu ni wako?" Nikamwomba asikate kitambaa kwanza.