Mafua kwa mgonjwa wa moyo: niliyoyaona kwa Mama

Mkuu, pole na mzee. Umesema wajukuu wamerudi kutoka bweni na mafua, yakamshika na mzee ambaye moyo wake umetanuka, na jirani amekwambia "ni mafua tu, kamchukulie dawa dukani". Nakujibu kwa urefu kwa sababu maneno hayo hayo nusura yanipotezee Mama.

Mama moyo wake ulitanuka kwa presha ya miaka mingi. Anatumia karvediloli na losatani za presha na moyo, aspirini ndogo ya kuzuia damu kuganda, na Lasix, ile ya kukojoa. Mwaka 2018 mjukuu alimwambukiza mafua. Siku ya kwanza kamasi na koo, siku ya pili homa na mwili mzima unauma. Nilikwenda duka la dawa mwenyewe, sikusema dawa ni za mgonjwa wa moyo, nikarudi na diklofenaki ya maumivu na vidonge vya kufungua pua. Siku ya nne akawa halali bila mito mitatu. Nilimbonyeza kwa dole gumba juu ya kifundo cha mguu, nikaachia. Shimo likabaki. Nikahesabu mpaka 20, bado lipo. Usiku ule alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika chaga, anahema kama mtu aliyepanda ghorofa tano. Tulimfikisha hospitali maji yameshajaa mapafuni.

Daktari alinieleza taratibu. Kwanza, virusi wenyewe wanautwisha moyo mzigo: homa ikipanda nyuzi 1, mapigo huongezeka takriban 10 kwa dakika. Moyo mzima unahimili, uliochoka unaelemewa, na hapo hapo mapafu yenye uvimbe yanaingiza hewa kidogo kwenye damu. Pili, diklofenaki huzuia figo kutoa chumvi na maji, ibuprofeni vilevile. Kwa hiyo Lasix ilikuwa inatoa maji huku nikiyarudisha kwa mkono wangu. Na vile vidonge vya kufungua pua hubana mishipa na kupandisha presha. Nililia pale koridoni, mkuu, siwezi kuficha.

Wenye mishipa ya moyo iliyoziba nao wana lao. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotoka 2018, ulikuta hatari ya shambulio la moyo inapanda kama mara 6 ndani ya siku 7 za mwanzo baada ya mtu kupimwa na kukutwa na influenza, yale mafua makali ya homa. Mwili ukipambana na virusi damu huganda kwa urahisi zaidi, na mafuta yaliyojishika kwenye ukuta wa mshipa yanaweza kupasuka. Ndiyo maana kuna watu wanasimulia "alikuwa anaumwa mafua tu, ghafla kifua kikambana".

Kwa sisi wa Dar kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: dengi, homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Mwaka 2019 ilipotapakaa mjini, Mama alishikwa na homa kali, macho yanauma kwa nyuma, viungo vinavunjika. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Safari hii sikugusa duka la dawa, nilimpeleka moja kwa moja na mfuko wake wote wa dawa. Akakutwa na dengi. Dengi hushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na Mama alikuwa juu ya aspirini. Daktari akaisimamisha kwa muda huku akimpima damu kila siku. (Usimsimamishie mzee dawa mwenyewe, hasa kama aliwekewa stenti, kile kijibomba cha kuacha mshipa wa moyo wazi, huyo akiacha ovyo mshipa unaweza kuziba.)

Mtihani mwingine ulikuwa maji. Mgonjwa wa dengi huhimizwa anywe sana, na Mama alikuwa amewekewa kikomo cha lita moja na nusu kwa siku. Ndugu wanaingia na madafu na supu, kila mmoja "kunywa mama, kunywa", na mimi nimekaa na chupa yenye alama nikigawa kwa kikombe kama mtu mchoyo. Wauguzi ndio walioniambia kiasi cha kuongeza kila siku. Na homa ilipoanza kushuka, sote tukashangilia, kumbe daktari ndipo alipokaza uangalizi, maana kipindi cha hatari cha dengi mara nyingi huja homa ikiisha.

Tangu hapo nyumbani kwetu kuna mizani ya kusimamia na daftari. Mama anajipima kila asubuhi akishatoka chooni, kabla ya chai. Uzito ukiruka kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji, si unono, napiga simu kliniki. Kwa homa na maumivu anapewa parasetamoli ya kawaida. Zile za kuyeyusha zinazotoa povu tumeziacha kwa sababu zina chumvi nyingi. Tangawizi na limau anakunywa, ila inahesabiwa kwenye maji yake. Kujifukiza nilimkatalia hata mwaka 2020 kila mtu alipokuwa chini ya blanketi: dawa zake zinashusha presha, joto nalo linalegeza mishipa, angeanguka. Akiharisha au kutapika, napiga simu kabla ya kumpa Lasix ya siku hiyo.

Chanjo ya mafua nilimtafutia hospitali binafsi kwa kulipia, na inarudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hivyo hubadilika. Ya korona alichoma Agosti 2021, mara tu zilipoanza kutolewa nchini. Muulize daktari wa mzee kuhusu zote mbili, mafua yakishaisha.

Kwa leo, wajukuu wahamie chumba kingine, wanawe mikono, na anayempelekea chakula avae barakoa. Najua mzee atanuna, Mama naye alinuna, lakini dirisha likiwa wazi wanaweza kumsalimia kutoka mlangoni. Niandikie dawa anazotumia, na kesho asubuhi mpime uzito uuandike. Ila usiku huu akiomba mto wa ziada, au akishindwa kumaliza sentensi bila kupumzika, usisubiri kesho, tafuta gari mpeleke.