Weka jembe chini, si kila shina la pembe tatu ni ndago

Mkuu, weka hilo jembe chini. Salamu tutapeana baadaye.

Unasema una kinyungu, kishamba cha bondeni, chenye majimaji huko Mafinga, umepanda maua pori ukitaka kijibustani kama cha Kitulo, ile hifadhi ya maua, na sasa nyasi zimeota katikati. Unauliza ni nyasi gani, zipi ni za asili uziache, na uzigawe miche lini. Halafu mwishoni unachomekea kwamba Jumamosi unaleta vibarua walime zote, kwa kuwa "shina lina pembe tatu, basi ni ndago", lile gugu sugu. Hapo chai ikanipalia.

Nani kakwambia? Mimi niliambiwa maneno hayohayo na jamaa wa duka la pembejeo, kakalia gunia la mbolea, bustani yangu hajawahi kuikanyaga. Nikamwamini, maana alikuwa na kalamu mfukoni.

Mafunjo nayo yana pembe tatu. Ndugu zake wadogo wanaoota mabondeni kwetu, wengi ni hivyohivyo: shina limejaa ndani, halina vifundo, majani yametoka pande tatu. Nyasi yenyewe hasa, kama ukoka, ina vifundo na majani yake hukaa pande mbili. Kwa hiyo pembe tatu inakwambia ukoo tu. Ni kama kumkamata mtu kwa sababu jina la babu yake linafanana na la mwizi.

Bondeni kwangu, nje kidogo ya Iringa mjini, ndago halisi ilikuwa kona moja, labda upana wa mkeka. Zilizobaki zilikuwa za asili, zimekaa mashungi mashungi, zimeshika ukingo wa maji. Nikaleta vibarua watatu, siku nne, tukalima zote katikati ya kiangazi. Za asili zikakauka juani, mizizi juu. Ndago ikashukuru! Chini ina vijiazi vyeusi vilivyounganishwa na nyuzi kama shanga. Jembe likikata uzi, kila kijiazi kinachipua kivyake. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikachota udongo uleule nikainulia matuta ya maua. Mvua za Desemba zilipokolea, ndago ilikuwa imetoboa hadi kwenye njia ya kwenda chooni. Ukingo nao, usio na cha kuushika, ukamomonyokea mtoni. Mke wangu mpaka leo wageni wakija anawaambia, "Karibuni mwone shamba la ndago la baba."

Kwa hiyo chimba shina moja kwa mkono, taratibu, usilivute. Lioshe. Ukiona shanga za vijiazi, ukikiponda kimoja kinanukia kama dawa, hiyo ndago. Usipoviona, acha itoe kichwa cha maua ndipo uulize jina. Fanya hivyo kwa kila aina, siyo moja kwa niaba ya zote.

Piga picha za mizizi uweke hapa kabla ya Jumamosi. Vibarua, kama umeshawapa kianzio, wape mtaro wachimbe. Mbali na hapo.